Mapenzi ya Motokaa za Kale na Dhima ya Mwenye Kuziuza

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, pamoja na jamaa zake na sahaba zake.



Biashara ni mlango wa riziki ambao Waislamu wa Uganda wameushika tangu zamani. Katika siku za ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wengi wa Kiislamu walichelea kuwapeleka watoto wao huko. Kwa sababu hiyo vijana wengi waliingia katika uchuuzi, uchinjaji na udereva. Basi habari za motokaa si ngeni katika nyumba za Waislamu wa nchi hii. Mazungumzo haya yanahusu tawi moja dogo la kazi hiyo, nalo ni kununua, kutengeneza na kuuza motokaa za kale. Biashara hiyo mara nyingi huzaliwa na mapenzi kabla haijazaliwa na hesabu, na kwa ajili hiyo ina neema yake na ina mtihani wake.

Mfano mmoja mzuri umo katika mji wa Bath, Uingereza. Hapo aliishi bwana mmoja aitwaye Charles Ware, aliyekuwa msanii na mkarabati wa nyumba za kale. Katikati ya miaka ya 1970 bei za nyumba nchini humo zilianguka vibaya, na mwaka 1976 bwana huyo akafungua mahali pa kutengenezea na kuuzia motokaa za namna moja tu, Morris Minor. Wakati huo kiwanda kilikuwa kimekwisha kuacha kuziunda, na watu wengi waliziona kuwa takataka za kutupwa. Yeye alizitazama kama alivyozitazama nyumba kuukuu, kuwa ni kazi ya mikono ya watu, ambayo ikitunzwa yaweza kuishi zaidi ya hao walioijenga.

Mwaka 1982 alitoa kitabu chenye kueleza fikira zake. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika. Mwenye kununua motokaa mpya hupoteza fedha nyingi katika miaka ya mwanzo, kwa sababu thamani yake hushuka hata kama imesimama kivulini. Motokaa ya kale imekwisha kushuka, haina pa kushukia tena. Basi fedha ile ambayo ingepotea hewani ni afadhali ilipwe kuwa ujira wa mafundi, nayo motokaa itengenezwe kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, mpaka isiwe na mwisho. Baadaye, katika miaka ya 1990, vipuri vya bodi vya motokaa hizo vilitengenezwa Sri Lanka kwa mikono ya mafundi wa huko, na shughuli iliyoanza kwa mapenzi ya mtu mmoja ikawa chakula cha nyumba nyingi.

Motokaa yenyewe ina historia yake. Iliyoichora ni akili ya Alec Issigonis, aliyezaliwa mwaka 1906 katika mji wa Smyrna, uliokuwa wakati ule katika dola ya Kiosmani, ambao leo ni Izmir nchini Uturuki. Ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mwaka 1948. Kabla ya kutolewa, Issigonis aliiona kuwa ni nyembamba mno. Akaamuru ikatwe katikati kwa urefu, na pande mbili zile zisogezwe mbali mpaka macho yake yakaridhika, nao upana ukazidi inchi 4. Alama ya jambo hilo imebaki juu ya boneti mpaka hii leo. Hata hivyo motokaa hiyo ilikuwa ya kwanza ya Kiingereza kutimiza idadi ya milioni moja, na hadi uundaji wake ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1970 zilikwisha kutoka zaidi ya 1,600,000. Nyingine zilifika Afrika Mashariki, zikawabeba waalimu, makarani na waganga katika barabara za vumbi.

Mwenye kuipenda motokaa kama hiyo huyajua mambo haya yote, na zaidi ya haya. Anajua ya kuwa Morris Minor haina fremu nzito chini yake kama lori. Nguvu yake imo katika bodi yenyewe, na kutu ikiila sakafu na vizingiti vya milango, imeila mifupa yake. Anajua pahali springi za nyuma zinaposhikwa, ambapo matope hujificha na chuma huoza polepole. Anajua kiungo cha chini kinachoshika gurudumu la mbele, ambacho kisipotiwa grisi kwa wakati wake huisha meno, na siku moja gurudumu hulala na motokaa ikaanguka upande mmoja barabarani. Katika namna ile ya Traveller, ambayo nyuma ina mbao, anajua ya kuwa mbao zile si pambo. Ndizo zenye kushika ubavu na paa, na zikioza, motokaa imevunjika ijapokuwa inang'aa.

Mnunuzi hayajui hayo. Yeye huona rangi mpya, viti vilivyoshonwa upya na vyuma vilivyosuguliwa. Tundu la kutu laweza kuzibwa kwa uji mzito unaoganda, likapigwa msasa na kupakwa rangi, na jicho la mgeni lisione kitu. Saa ya maili yaweza kurudishwa nyuma. Namba ya injini yaweza isiwe ile iliyoandikwa katika kadi. Hapa ndipo penye mtihani wa biashara hii. Mapenzi humpa mtu ujuzi, na ujuzi humpa dhima. Mwenye kupenda huona kuliko mnunuzi, kwa hiyo hawezi kusema mbele ya Mungu kwamba hakuona.

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita sokoni penye chungu ya nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Alipomwuliza mwenye nafaka, akajibu kwamba ilinyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu watu wakaiona, kisha akabainisha ya kuwa mwenye kughushi hayumo katika watu wake. Fikirini jambo hili: yule mtu hakuileta mvua, wala hakusema uwongo wowote. Kosa lake lilikuwa kuiweka nafaka kavu juu na ile mbichi chini. Rangi mpya juu ya kutu ni jambo hilo hilo.

Imamu Abu Hanifa, aliyekuwa mfanyabiashara wa nguo katika mji wa Kufa, anasimuliwa kwamba alimpelekea mshirika wake bidhaa, akamwarifu ya kuwa nguo moja ina aibu na kwamba ambainishie mnunuzi. Mshirika akasahau, akaiuza, wala mnunuzi hakujulikana ni nani. Imamu akaitoa sadaka thamani ya bidhaa ile yote. Na mafakihi wameweka khiyari ya aibu, yaani haki ya mnunuzi kurudisha kitu akigundua dosari iliyokuwapo kabla ya kuuziana, ambayo hakuijua. Wala neno la sokoni lisemalo "umekiona, umekiridhia" halimtoi muuzaji katika dhima ya aibu aliyoijua akaificha.

Yapo pia matata ya mapenzi yenyewe. Mwenye duka akipenda mno hununua kwa bei ya juu, kwa kuwa moyo umemtangulia mkono. Huacha motokaa nane uani zikingoja vipuri, na mtaji wake wote umelala chini ya maturubai, huku kodi na ujira wa mafundi havilali. Huitengeneza moja kwa gharama ipitayo bei yake. Kisha dhiki ikimbana, shetani humnong'oneza kwamba tundu moja likizibwa kwa rangi hakuna atakayejua. Ndiyo maana hesabu katika biashara hii ni sehemu ya uaminifu. Mtu anunue kwa kadiri ya mfuko wake, akague kabla ya kutoa fedha, amalize moja kabla ya kuanza nyingine, aandike kila kazi iliyofanywa na kila chuma kilichobadilishwa, na daftari hilo amkabidhi mnunuzi pamoja na ufunguo. Hata akiuza kwa ajili ya mwingine, naye akapata ujira wa udalali, aibu anayoijua ni juu yake kuitaja.

Mambo haya hayakuhusu Bath peke yake. Motokaa nyingi zinazoingia Uganda zimekwisha kutumika Japani, na kila moja inakuja na historia ambayo mnunuzi hakuishuhudia. Mafundi wa Katwe, mjini Kampala, wanajulikana kwa kufua chuma na kufufua kilichokufa, na kijana Mwislamu mwenye kupenda injini hana haja ya kuona haya kwa mapenzi hayo. Ni kipaji kama vipaji vingine. Lakini ajue ya kuwa motokaa itokayo katika gereji yake itabeba mama na watoto, usiku, katika mteremko, na breki na magurudumu yake ni amana.

Mwenye kumwambia mnunuzi, "Sakafu hii ni mpya, ila springi ya kushoto imechoka, na bei imepungua kwa hiyo," huenda akapoteza mauzo ya siku hiyo. Lakini mnunuzi yule atakwenda zake akijua anachokipanda, na akitaka kununua tena, au ndugu yake akitaka, anajua mlango wa kubisha. Duka huanzishwa na mapenzi, nalo husimamishwa na neno la kweli linalosemwa kabla ya fedha kupokewa.

Mwenyezi Mungu awajaalie wafanyabiashara wa Kiislamu riziki ya halali, awape ndimi za kweli na mizani iliyo sawa, na awatie baraka katika mauzo yao na manunuzi yao. Amin.