Kusoma ardhi kavu kwa picha za setilaiti

(Hotuba ya mratibu wa miradi wa dayosisi kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika, mkoani Dodoma)



Siku hizi baadhi ya wafadhili, wanapotuma fomu za maombi ya mradi, huuliza kama tunayo picha ya setilaiti inayoonyesha hali ya ardhi. Baadhi yenu mmeniuliza kama picha hiyo ndiyo itakayoamua kijiji gani kipate mradi na kipi kikose. Swali hilo ni zito, kwa hiyo kwanza tuelewe picha hizi zinafanyaje kazi.

Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa na Marekani mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 picha zake hutolewa bure. Za Ulaya, Sentinel-2, zilianza mwaka 2015. Setilaiti hupima mwanga unaorudi kutoka ardhini. Jani bichi hufyonza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayauoni. Udongo mtupu haufanyi hivyo. Kwa kulinganisha aina hizo mbili, kompyuta hutoa namba ya ukijani wa kila kipande cha ardhi. Kipande cha Landsat ni mita 30 kwa 30, hivyo mti mmoja katikati ya shamba la mtama unaweza usionekane kabisa.

Faida kubwa ya picha hizi ni kumbukumbu. Mfano mzuri unatoka Niger, katika maeneo ya Maradi na Zinder. Kuanzia miaka ya 1980 mmisionari Mwaustralia, Tony Rinaudo, alishirikiana na wakulima kutunza machipukizi ya visiki vilivyokuwa hai bado mashambani, badala ya kupanda miche iliyokuwa ikifa. Ndiyo kazi ambayo hapa kwetu tunaiita kisiki hai. Wataalamu walipolinganisha picha za ndege za miaka ya 1970 na picha za setilaiti za miaka ya 2000, walikadiria kwamba miti imerudi kwenye hekta zipatazo milioni 5. Kwa kutembea kwa miguu nani angeweza kuyapima hayo?

Hata hivyo kijani hudanganya. Mvua yetu Dodoma hunyesha zaidi kati ya Desemba na Aprili. Mtu akichukua picha ya Machi ya mwaka wa neema akailinganisha na ya Oktoba ya mwaka wa ukame, atapata jangwa la kwenye karatasi tu. Inafaa kulinganisha mwezi ule ule, kwa miaka mingi, pamoja na kumbukumbu za mvua. Aidha, si kila kijani ni malisho. Huko Baringo, Kenya, mti wa mathenge ulioletwa miaka ya 1980 umefunika malisho mengi. Kutoka angani eneo hilo ni kijani hata kiangazi. Muulize mwenye mbuzi.

Jambo linalonisumbua zaidi ni lawama. Picha haisemi nani ameharibu. Mahali pakionekana pekundu kwenye ramani, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mfugaji, kwa kuwa ng'ombe huonekana mchana na mkaa husafiri usiku. Wazee wa Kondoa wanakumbuka mwaka 1979, mifugo yote ilipoondolewa katika eneo la makorongo la kilomita za mraba 1,256, chini ya mradi wa HADO. Miti na nyasi vilirudi, hilo halina ubishi. Lakini kaya zilizoishi kwa maziwa na samadi zililipa gharama yake, na gharama hiyo haimo kwenye picha yoyote.

Hivyo basi, kwa maoni yangu, kijiji kisikatwe kwenye orodha kwa sababu ya ramani peke yake. Ramani itutume mahali pa kwenda, kisha kamati ipite pale pamoja na wakulima, wafugaji na akina mama wanaokata kuni, iulize korongo lilianza lini.

Ramani za kata zenu zimebandikwa ukumbini. Wakati wa chai kila mmoja atafute kijiji chake, na palipokosewa aandike kwa kalamu pembeni.