Madaktari Wanafunzi na Maji ya Newala



Vijana wanaosomea udaktari hufundishwa kwamba trakoma, maradhi ya macho, huenea kwa vidole, nguo na nzi, na kwamba kunawa uso huyazuia. Ni kweli. Lakini Newala i juu ya uwanda, na chemchemi zi chini mabondeni. Hata mitambo ya kupandisha maji, iliyoanza miaka ya 1950, haikumfikia kila mtu. Mama mwenye ndoo moja hupikia kwanza. Uso wa mtoto hungoja. Daktari amwambiapo, “Mnawishe,” kabla ya kuuliza maji yatoka wapi, mama huitikia tu kwa adabu.

Basi twawaomba walimu wao wawapeleke bondeni alfajiri pamoja na akina mama, wapande na ndoo kichwani (wavulana pia!), ndipo waingie wodini.