Lugha ya Pili Isiwe Ungo wa Kuwapepeta Wanyonge



Ipo tofauti kubwa kati ya kumfundisha mtu lugha na kumhukumu kwa lugha. Elimu ya Tanzania haijaizingatia vya kutosha tofauti hiyo, na wanaoumia ni watoto wa wakulima na wafanyakazi.

Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, isipokuwa chache. Mtoto wa mkulima hujifunza hesabu na sayansi kwa lugha anayoielewa, na Kiingereza hukipata kama somo. Akiingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Mwenzake mwenye wazazi wenye uwezo amekwisha kununuliwa lugha hiyo tangu chekechea. Mtihani ni mmoja, matayarisho ni mawili. Huo si usawa.

Jambo hili halikufichika. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wa Kiingereza, Clive Criper na William Dodd, walithibitisha kwamba wanafunzi wengi hawakuweza kuyafuata masomo kwa Kiingereza, lakini wakashauri Kiingereza kiendelee kufundishia. Ugonjwa ulitambuliwa, na dawa ikawa kile kile kilichomdhuru mgonjwa. Hata Sera ya Elimu ya 2014, katika toleo lake la 2023, imekibakiza Kiingereza sekondari.

Matokeo yake walimu wanayajua. Mwanafunzi anayefahamu fika jinsi mvua inavyochukua udongo wa shamba la baba yake hukaa kimya katika somo la jiografia. Hunakili ubaoni, hukariri, hufeli. Kisha huitwa mjinga. Kwa hakika aliyefeli ni utaratibu uliopima lugha ukidai kupima maarifa.

Kasumba hiyo haikuishia Tanzania. Katika kitabu chake cha mwaka 1986, Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza jinsi watoto wa Kenya ya kikoloni walivyochapwa, au kuvishwa kibao cha fedheha, kwa kosa la kusema Kigikuyu shuleni. Shule yoyote inayomwadhibu mtoto leo kwa kusema Kiswahili inaendeleza kazi ya mkoloni bila mshahara wake.

Kiingereza si adui, na mtoto wa mnyonge ana haki ya kukijua barabara. Hivyo kifundishwe kama somo, na walimu waliosomea kazi hiyo. Mwalimu wa biolojia anayefafanua jambo kwa Kiswahili, kisha akatoa istilahi ya Kiingereza, asionekane mhalifu: anajenga daraja. Msahihishaji wa historia atoe alama kwa historia, si kwa sarufi.

Haki hiyo haina mipaka. Kwa watoto wengi wa Usukumani au Uhaya, Kiswahili nacho ni lugha ya pili. Mwalimu wa darasa la kwanza anayeicheka lafudhi yao hana la kumlaumu anayekitukuza Kiingereza.

Lugha hufunzwa kwa subira na heshima. Anayejifunza lugha ya pili tayari ana lugha na ana akili; wajibu wa mwalimu ni kuanzia hapo.