Soma Kabla ya Kuzima: Utunzaji wa Seva ya Barua Pepe katika Ofisi za Matete

Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Ikapotea tena Novemba, na tena Desemba. Matete haihitaji giza la taifa zima ili seva izimike ghafla: ukanda huu wa Kakamega ni wa mvua za alasiri zenye radi, na radi huingia kwa waya wa stima na kwa waya wa mtandao pia. Betri ya akiba, kinga ya radi na waya wa kuipeleka ardhini ni sehemu ya seva, hata kama afisa wa ununuzi huviona ni mapambo.

Hata hivyo, mada hii inahusu zaidi tabia ya fundi. Karani akilalamika kwamba barua haziendi, fundi hukimbilia kuzima na kuwasha. Pengine zitaenda. Chanzo kitabaki palepale.

Dalili zimeandikwa tayari. Kwenye Postfix, programu ya seva ya barua pepe ya Wietse Venema iliyotoka mwaka 1998, faili la mail.log huonyesha kila barua ilikofika na jibu ililopewa. Jibu linaloanza na 4 maana yake jaribu baadaye. Linaloanza na 5 maana yake imekataliwa. Namba 452 mara nyingi ni diski iliyojaa, na amri ya df -h huthibitisha hilo papo hapo. Namba 550 huenda ni anwani isiyokuwepo. Utaratibu huu ni wa kanuni za SMTP alizoandika Jonathan Postel mwaka 1982, na bado unafanya kazi.

Mfano mzuri ni wa tarehe 1 Januari 2022. Seva nyingi za Exchange za Microsoft duniani ziliacha kupeleka barua. Kichujio chake cha virusi kilikuwa kikiandika tarehe kama namba moja, na namba ya mwaka mpya, 2201010001, ikazidi 2147483647, kikomo cha hesabu ya biti 32. Kuwasha upya hakungesaidia, maana tarehe ilikuwa ile ile. Kosa lilionekana waziwazi kwenye kumbukumbu za seva.

Foleni ya barua zinazosubiri kutumwa nayo iheshimiwe. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikasuasua Afrika Mashariki. Barua isiyopita wakati kama huo haijapotea; seva inayotuma huishikilia na kujaribu tena, na Postfix isipobadilishwa huvumilia siku 5. Anayeipoteza ni fundi anayefuta foleni ili “kusafisha”.

Kuna barua zinazotoka salama lakini huishia kwenye barua taka. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo hutaka kila mtumaji awe na uthibitisho wa SPF au DKIM, na anwani ya IP inayorudisha jina la seva. Haya hurekebishwa zaidi kwenye DNS, si kwa kuzima na kuwasha mashine. Cheti cha Let's Encrypt nacho huisha baada ya siku 90. Kisipojihuisha chenyewe, simu za wafanyakazi zitaanza kulalamika.

Nakala ya akiba isikae kwenye soketi moja na seva, kwani radi moja itachukua zote mbili. Ijaribiwe pia kurejeshwa. Data za watu zikivuja, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaitaka ofisi imjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72.

Kwa ofisi ya watu wachache, isiyo na fundi wa kudumu, ni vigumu kutetea seva ya chumbani. Kukodi huduma kuna nafuu. Kabla ya kuhama, iangaliwe kikoa cha .ke kimeandikishwa kwa jina la nani, lisije likawa la fundi aliyekwisha kuondoka.