Ofisi ya Mjini na Fedha za Nyumbani
Hotuba ya Kamati ya Fedha kwenye harambee ya mwaka, Dar es Salaam



Mmetuuliza kwa nini hatujasaini mkataba wa ofisi katika lile jengo la zamani lililokarabatiwa katikati ya mji. Jengo tumeliona na tumelipenda. Sisi watoto wa Pangani tumekulia kwenye kuta za mawe na dari za boriti. Hata hapa Dar, Old Boma iliyojengwa miaka ya 1860, enzi za Sultani Majid, imekarabatiwa na inatumika. Lakini kabla ya kusaini tumepiga hesabu.

Kwanza, kipimo. Pango linatozwa kwa mita ya mraba, na kuta za mawe ni nene. Chumba chenye mita 5 kwa 4 ndani ni mita za mraba 20. Kikipimwa kwa nje, kuta zikiwa na unene wa nusu mita, kinakuwa 6 kwa 5, yaani 30. Theluthi ya pango ingekuwa inalipia mawe! Tumeomba kipimo cha ndani, na kiandikwe.

Pili, matengenezo. Ukuta wa mawe na chokaa ukipigwa saruji, unyevu unakwama ndani na ukuta unaharibika. Unataka fundi anayeujua. Kwa hiyo mkataba useme wazi kwamba paa, kuta na mabomba ni juu ya mwenye jengo. Sisi ni usafi, umeme na maji tunayotumia.

Tatu, kodi ya zuio. Katika kila shilingi 1,000,000 ya pango tunatakiwa kuzuia 100,000 na kuipeleka TRA. Tusipoizuia, tutadaiwa sisi.

Ndugu zetu, michango ya leo ni ya vitanda vya bweni la wasichana nyumbani. Hata shilingi moja haitaingia kwenye pango. Pango litatokana na ada za wanachama wa hapa mjini. Zikitimia za mwaka mzima, tutasaini. Zisipotimia, tutaendelea kukutana majumbani kwetu kama tulivyozoea. Sisi tunaweza kusubiri ofisi. Mabinti wanaolala wawili wawili kitanda kimoja wamesubiri vya kutosha.

Bahasha ziko mezani kwenu. Karibuni tuchangie.