Dume wa Chupa

Gorila dume aitwaye Jambo, naam, kwa Kiswahili chetu, alizaliwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, mwaka 1961, akalelewa na mama yake mzazi. Enzi zile hilo lilikuwa jambo geni. Dada yake Goma, aliyezaliwa 1959, alilelewa kwa chupa nyumbani kwa mkurugenzi.

Jambo alihamishiwa Jersey mwaka 1972, akawa baba wa watoto wengi. Madume wa chupa wengi wameshindwa: wamekua mbali na wenzao, hata kumwendea jike hawajui.

Siwalaumu watunzaji. Mtoto aliyekataliwa na mama yake anyonye nini? Lakini chupa isimtenge. Siku hizi hunyweshwa huku akiwaona gorila wenzake, kisha hutafutiwa jike wa kumlea, mapema iwezekanavyo.