Bencomo wa Taoro na Majirani Zake



Mwaka 1494 kisiwa cha Tenerife, katika Visiwa vya Kanari, kilikuwa na watawala tisa, kila mmoja akiitwa mencey. Waguanche, watu wao, walikuwa wafugaji wa mbuzi na kondoo wenye asili ya Waberiberi wa Afrika Kaskazini. Chuma hawakuwa nacho. Bencomo alitawala Taoro, yenye Bonde la Orotava, eneo lenye rutuba kuliko yote, na wenzake walimwogopa kabla Mhispania hajamwogopa.

Mwezi Mei mwaka huo kamanda wa Kihispania, Alonso Fernández de Lugo, alipanda hadi Orotava na askari wake. Hawakukuta mtu. Wakaswaga mifugo waliyoipora na kurudi kupitia korongo la Acentejo, njia nyembamba yenye vichaka na mteremko mkali. Hapo ndipo Tinguaro, nduguye Bencomo, alipokuwa akiwasubiri. Mawe yakaporomoka, mikuki ya mbao ikafuata. Farasi hawakupata pa kugeukia, na mbuzi wa wizi wakaziba njia. Jeshi lile liliangamia sehemu kubwa. Lugo mwenyewe alijeruhiwa usoni kwa jiwe, akaponea chupuchupu. Mji uliopo hapo leo unaitwa La Matanza, yaani Mauaji.

Hotuba tamu anazowekewa Bencomo mdomoni tuzipokee kwa tahadhari. Nyingi zimepambwa na mshairi Antonio de Viana, aliyechapisha utenzi wake mwaka 1604, miaka 110 baadaye. Mimi naiamini zaidi ardhi. Korongo lilimpa Bencomo ushindi. Mapigano yaliporudi mwezi Novemba, kwenye uwanda wa Aguere, ardhi ilikuwa wazi, farasi wakapata nafasi, na simulizi zinasema aliuawa huko. Maradhi yakamalizia kazi ambayo upanga ulikuwa umeianza. Mwana wa Bencomo, Bentor, simulizi zinasema alijirusha kutoka kwenye majabali ya Tigaiga.

Na majirani? Añaterve wa Güímar alikuwa amefanya mkataba na Wahispania, akawapa msaada. Wako wanaomwita msaliti, hukumu ambayo naiona ya haraka mno. Güímar ilikuwa na ugomvi wake na Taoro tangu zamani, na mtu aliyezoea kumwogopa jirani yake hawezi kulaumiwa kwa kutomtambua mgeni kuwa hatari kubwa zaidi. Lililo wazi ni kwamba mkataba haukuwalinda wote: Waguanche wa maeneo yaliyokuwa na amani nao waliuzwa utumwani.

Mwaka 1496 Lugo aliwapeleka watawala waliosalimu amri hadi Almazán, Hispania, mbele ya wafalme Isabel na Fernando. Mmoja wa watawala hao alitolewa na wafalme kama zawadi kwa Jamhuri ya Venice.